Namna ya kufanya hela ya mtaa izunguke kabla haijapanda daladala

Mitaa mingi ya pembezoni mwa Dar, Chanika, Kivule, Mbagala huko, shida sio kwamba hela haiingii, inaingia sana tu, fundi kalipwa saiti, dada katoka na mshahara wake, wa boda ana chenji ya siku, ila inalala usiku mmoja na asubuhi ishaondoka kwenda Kariakoo. Mkitaka mtaa uchangamke msianze na kutafuta mfadhili, anzeni kuikalisha hiyo hela kidogo, ipite kwa watu wawili watatu hapo hapo ndo iondoke.

Nenda kituo cha daladala jioni watu wanaporudi, angalia wameshika nini. Mikate, nyama, dawa za kuku, keki ya birthday, mfuko wa mchele, viatu vya shule. Kila mfuko unaouona ni biashara ambayo mtaani kwenu haipo, au ipo lakini watu hawaiamini. Fanya hivyo wiki nzima na katikati ya wiki usiwe unaangalia tu, uliza, mbona hukununua kwa mangi hapo? Utaambiwa bei, utaambiwa anapunja, au jibu la kawaida kabisa, sikujua kama anauza. Hili la mwisho dawa yake ni grupu moja la WhatsApp la mtaa.

Sasa hapo ndo wengi wanaharibu. Mtu anaona genge la jirani linatoka na yeye anafungua genge, mwisho magenge saba yamepangana na wote wanauza nyanya zile zile. Wewe angalia genge linahitaji nini. Mama chipsi anahitaji mayai kila siku, kama kuna mtu anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba waunganishwe, wakubaliane bei ya trei na siku ya kulipana. Mama ntilie anahitaji mchicha, mkaa, mtu wa kumletea maji. Mkishapata minyororo mitatu minne ya hivyo, mtaa unaanza kujilisha.

Kule Mombasa, mtaa wa Bangladesh, walienda mbali zaidi, mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo walitoa vocha zao wenyewe za kununuliana zikaitwa Bangla-Pesa, polisi wakawakamata watu, baadaye mashtaka yakafutwa. Wazo lilikuwa zuri, ila siwashauri muanze na vocha, anzeni na daftari la kuandika nani kachukua nini kwa nani.

Cha pili ni kununua pamoja. Genge moja moja likienda Ilala kufuata tenga la nyanya nauli inakula faida yote. Watano wakichangia kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, au guta kama sio mbali, kila mmoja anapata unafuu wa kushusha bei kidogo na bado akabaki na chake. Ugomvi utakuja tu, na utakuja kwenye nani anachagua mzigo, maana aliyeenda sokoni lazima atasemwa kajichagulia nyanya nzuri. Kwa hiyo mpokezane zamu, na aliyeenda sokoni awe wa mwisho kuchukua fungu lake.

Mtaji sasa. Tafadhali kaeni mbali na kausha damu, mkopo ambao rejesho lake linakukuta hata hujauza. Undeni kikoba, watu kati ya 15 na 30 wanaojuana makazi, mkutane kila wiki, kila mtu anunue hisa, na pembeni kuwe na mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa ili watu wasile hela ya biashara. Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo zikae kwa watu watatu ambao sio ndugu. Mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mtu. Na hela ihesabiwe mbele ya wote, kwa sauti, hata kama mweka hazina ni mke wa shekhe au wa mchungaji, hasa akiwa huyo maana hakuna atakayethubutu kumuuliza.

Kisajilini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivi kama daraja la nne la watoa huduma hizo na inataka visajiliwe, anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na katiba yenu, muhtasari na orodha ya wanachama. Hapo hapo ulizieni ule mkopo wa asilimia 10, yaani sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, hauna riba. Ulisimamishwa 2023 ukarudi, na vikundi vilivyoundwa kwa ajili ya mkopo tu vilichangia sana kuuharibia jina, hivyo mkienda na daftari la miezi kadhaa mnasikilizwa tofauti.

Mwisho, tarehe ya kuvunja kikoba, yaani kufungua sanduku na kugawana hela. Wengi wanavunja katikati ya Desemba na hela inaishia kwenye nauli za kwenda mikoani. Sogezeni iwe mara tu baada ya mwaka mpya, shule zinapokaribia kufunguliwa, na fundi cherehani wa mtaani aambiwe tangu Novemba, awapime watoto, anunue vitambaa kwa jora, ili sanduku likifunguliwa sare ziwe zishashonwa.