Somo: Namna ya kusoma makaburi ya Majipsi katika viwanja vya makanisa ya vijijini Uingereza

Waroma wa Uingereza, jamii ya wahamaji ambao wenyeji waliwaita Majipsi (kutokana na neno la Kiingereza "Egyptian", yaani Mmisri) kwa kudhani kwamba wametoka Misri, wanatajwa nchini humo tangu mwanzoni mwa karne ya 16, na sheria ya mwaka 1530 iliwaamuru waondoke. Kwa kuwa familia hizo zilihama na mahema yao, na baadaye na magari ya kukokotwa na farasi, mara nyingi kaburi ndilo mahali pekee pasipohama ambapo mzao wao anaweza kuanzia.

Hatua ya kwanza ni majina. Boswell, Lee, Lovell, Cooper na Stanley ni koo za Majipsi, lakini pia ni majina ya Waingereza wengine wengi, kwa hiyo lipe uzito jina la kwanza. Inverto Boswell, aliyezikwa Calne, Wiltshire, mwaka 1774, ana jina ambalo hutarajii kulikuta kwa mkulima wa jirani.

Hatua ya pili, nenda jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kwa sababu mwanga unaopita ubavuni mwa jiwe huzijaza kivuli herufi zilizofifia. Mawingu yakitanda, mulika tochi kutoka pembeni, karibu kabisa na uso wa jiwe, kisha isogeze polepole. Herufi iliyoonekana kama O huweza kugeuka kuwa C mbele ya macho yako.

Hatua ya tatu, nakili kila mstari kama ulivyo, pamoja na makosa ya tahajia. Huko Yatton, Somerset, jiwe la mwaka 1827 linasema kwamba hapo amelala Merrily Joules, mrembo aliyeng'aa, aliyemwacha Isaac Joules, aliyekuwa furaha ya moyo wake Merrily. Anayelisoma kwa haraka anaweza kudhani neno Merrily, ambalo maana yake ni "kwa furaha", ni sehemu ya shairi, akampoteza marehemu mwenyewe.

Hatua ya nne, ambayo wengi huiruka, ni kulilinganisha jiwe na rejista ya maziko ya parokia. Tangu mwaka 1813 rejista hizo zilikuwa na safu zilizochapwa tayari za jina, makazi, tarehe na umri. Safu ya makazi ndiyo hazina, kwa sababu kasisi alilazimika kuandika kitu hata kwa mtu asiye na nyumba, na wakati mwingine utakuta neno "msafiri" tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, naweza kupaka chaki au povu la kunyolea ili maandishi yaonekane?

Hapana, ndugu yangu. Vyote viwili huacha mabaki ndani ya vinyweleo vya jiwe, na brashi ya waya ni mbaya zaidi. Hata utando wa kijivu na manjano uliooteana juu yake usiubandue, kwani hung'oka na uso wa herufi.

Dan Boswell wa Selston, Nottinghamshire, anaitwa mfalme wa Majipsi. Je, alitawala?

Hapakuwa na ufalme mmoja wa Majipsi wote Uingereza. Cheo hicho kilipewa wazee walioheshimiwa, na wenyeji pamoja na magazeti walikipenda mno. Binafsi naliamini zaidi shairi la kaburi lake, linalosema kwamba alilala katika miji mingi na kusafiri miaka mingi, hadi kifo kilipomfikisha kwenye malazi yake ya mwisho.

Kama desturi yao ilikuwa kuchoma gari na mali za marehemu, kwa nini wagharamie jiwe?

Swali zuri. Vitu vya marehemu viliteketezwa, na vyombo vyake kuvunjwa, ili visibaki mikononi mwa walio hai na kuwaletea madhara, na katika familia nyingi hata jina lake liliacha kutamkwa. Jiwe, kwa upande wake, halikufuatana na msafara. Lilibaki kanisani, nao jamaa walirudi kulitunza kila safari ilipowapitisha kijiji hicho.