Kula vizuri ukiwa na familia na huna muda: sufuria moja, sio dayati

Kila mwaka una dayati yake. Ilikuja supu ya kabichi siku saba, ikaja maji ya ndimu asubuhi, ikaja ile ya kuacha wanga kabisa unakula mayai nyama na parachichi, sasa hivi watu wanafunga masaa 16, alafu hapo katikati kuna chai za kukata tumbo zinauzwa WhatsApp. Mi nataka niongee na wewe mama au baba unayeamka saa kumi na moja alfajiri, watoto wawahi gari la shule na wewe uwahi mwendokasi, unarudi saa moja usiku umechoka hujui hata leo wanakula nini. Kwako wewe kabla ya dayati yoyote jiulize kitu kimoja tu, je hii inataka sufuria ya pili? Kama watoto wapikiwe chao na wewe chako, haitafika mwezi, na wala sio kwamba huna nidhamu, ni kwamba hakuna mtu anayetoka kazini akapika mara mbili kila siku maisha yake yote.

Kwanza tuelewane hizo kilo za haraka zinatoka wapi. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu inakaa na maji kama gramu 3 hivi. Ukiacha wanga ghafla ile akiba inatumika na maji yake unayakojoa, ndo maana ndani ya siku chache mzani umeshuka kilo moja mbili na mtu anapiga picha. Ukirudi kwenye ugali maji yanarudi. Chai za tumbo nazo nyingi zina sanamaki, ile ile ya kulainisha choo, kwahiyo unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, mafuta yako palepale.

Keto, yaani ile dayati ya kuacha wanga, yenyewe haikuanza kama kitu cha kupunguza kilo. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo baadhi ya watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa wanawekwa kwenye ulaji huo chini ya hospitali. Yaani ni tiba, ina watu wa kuifuatilia, sio kitu cha kuokota kwenye video ya dakika moja. Na hapa naomba sana mnisikilize: kama nyumbani kuna mtu anachoma insulini au anameza vidonge vya kisukari kama glibenclamide au gliclazide, akiacha wanga ghafla au akianza kufunga bila daktari wake kujua, sukari inaweza kushuka mpaka akapoteza fahamu. Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wasiingizwe kwenye dayati ya kukata kundi zima la chakula.

Haya tuje jikoni.

Kazi kubwa ifanyike wikiendi. Ijumaa usiku loweka maharage kilo moja na nusu au mbili, Jumamosi mwaga yale maji chemsha yote kwa mkupuo, ukiwa na presha kuka gesi inaokoka sana, yakipoa gawa kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja weka friza. Jumanne unarudi umechoka unatoa kikopo, unakaanga kitunguu na nyanya na karoti, ukiwa na nazi unatia, huna unaacha, nusu saa watu wanakula. Huna friji? Basi siku za kazi pika choroko, haihitaji kulowekwa usiku kucha na inaiva haraka, na dagaa wakavu wasikosekane ndani. Dagaa watu wanawadharau na inaniuma kweli, maana unawala na mifupa yake, hapo una protini na kalsiamu ambayo mtoto anaihitaji, kwa hela ndogo kuliko robo ya nyama.

Mboga za majani zinachelewesha kwenye kuchambua sio kwenye kupika. Kwahiyo chambua mara mbili kwa wiki, funga kwenye kitambaa kikavu weka kwenye friji, unaosha siku unayopika. Matembele, majani ya maboga, mnafu, mchicha, chochote kilichopo gengeni. Na tafadhali usichemshe mchicha ukamwaga yale maji, vitamini C na foleti zinaondoka nayo, weka maji kidogo funika dakika chache toa. Kisamvu peke yake ndo kinatakiwa kitwangwe na kichemke sana mpaka kiive kabisa kwa sababu kibichi kina sumu.

Sahani sasa. Ugali haufukuzwi, wali haufukuzwi, unapunguzwa nafasi. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe maharage au samaki au nyama au mayai, robo iliyobaki ndo ugali. Kwa wengi wetu ni kinyume, mlima wa ugali na mchicha vijiko viwili pembeni, badilisha hapo tu na chungu kikabaki kilekile cha familia nzima. Ukiweza kula dona, kula dona, ina nyuzinyuzi ambazo sembe imepoteza mashineni, ila hakikisha mahindi yamekauka vizuri na hayana ukungu. Mtoto mdogo bado anakua, yeye mwongezee karanga, parachichi, yai, usimpimie kama unavyojipimia wewe.

Mafuta usimimine kutoka kwenye dumu. Tumia kijiko, kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na mkono ukimimina bila kuangalia vinaingia vijiko sita saba kwenye mboga ya watu watano ambayo vitatu vingetosha. Sukari vilevile. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza ikiwa chini ya gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima ndo vizuri zaidi, ni kama vijiko sita vya chai, sasa wewe chai asubuhi vijiko vitatu na jioni vitatu umeshamaliza, na chupa moja ya soda ya mililita 350 inakupitisha peke yake. Anza kupunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, watoto hawatagundua. Alafu chai isinywewe pamoja na maharage na mboga za majani maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, kata chungwa au kamulia ndimu, hiyo inasaidia yaingie.

Asubuhi badala ya maandazi kila siku chemsha viazi vitamu, magimbi au mihogo, hata usiku ule uliopita. Mchana kwa mama ntilie mwambie kabla hajapakua, dada naomba wali nusu, maharage na mboga za majani niongezee, wengi hawana shida kabisa.

Ukiwa na kilo za kupunguza, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha, na wiki nyingine haitashuka kitu. Mwenye kisukari, presha au figo asianze peke yake, halmashauri zina maafisa lishe na hospitali nyingi kubwa wapo pia, nenda na dawa zako zote mkononi na umwambie unachokula kweli, pamoja na zile karanga na soda za njiani.