Kombe wachanga hawaonekani: ni mkondo au ni sakafu?

Ufuko ukikosa kombe wachanga (wale wa magamba mawili waishio mchangani), mara nyingi ama mkondo haukuwaleta, ama uliwaleta wakafia chini. Viluwiluwi wao huelea majini wiki mbili hadi tatu kabla ya kutua, kwa hiyo kuchimba peke yake hakukuambii kilichotokea. Anza na mtego wa kuwanasa wanapotua.

Chukua mfuko wa wavu wa vitunguu, ujaze vipande vya wavu chakavu wa kuvulia, kisha ufunge kwenye kigingi sm 20 juu ya mchanga. Weka mitatu kila sehemu. Mmoja lazima utapotea, kwa wimbi au kwa mwenye vitunguu vyake. Baada ya wiki 4 hadi 6 itoe na uisuuze ndani ya ndoo ya maji ya bahari.

Itoe siku ya bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Dar es Salaam maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Fika saa moja kabla. Siku hiyohiyo nyoosha kamba kutoka kwenye mikoko kuelekea baharini, na kila mita 10 laza fremu ya sm 50 kwa 50. Chimba sm 10, chekecha kwa wavu wa mm 2. Chekecheo izame majini ukiitikisa taratibu. Ukimwagia maji kwa nguvu, wadogo wanavunjika. Idadi zidisha kwa 4, upate kombe kwa mita ya mraba.

Angalia na shimo lenyewe. Tabaka jeusi linalonuka yai viza likiwa sm 1 au 2 tu chini, hewa haipenyi. Kisha jaza theluthi ya chupa kwa udongo, ongeza maji, tikisa. Mchanga hutua chini ya dakika moja. Kinachobaki kimeelea ni tope, na likizidi huziba matamvua ya wachanga. Karibu na mdomo wa Mto Msimbazi, rudia kipimo baada ya masika, na vaa glavu.

Mkondo upime kwa chungwa, kwani huzama karibu lote na upepo haulisukumi sana. Likienda mita 10 kwa sekunde 50, kasi ni sm 20 kwa sekunde. Pima maji yakijaa, saa 3 baada ya kupwa, halafu rudia siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Kosa la kawaida ni kupima mara moja tu, tena maji yakiwa yamesimama.

Mifuko imejaa wachanga lakini fremu ni tupu? Tatizo liko chini: tope, mchanga unaohamahama, kaa, au miguu ya watu. Mifuko mitupu, mkondo unawapitisha kwingine au wazazi wamevuliwa mno. Rudia kusi na kaskazi kabla ya kuamua. Wakijaa penye nyasi bahari pekee, usizing'oe: wachanga hujishikiza humo kwa nyuzi zao.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni hifadhi, usichimbe bila kibali.