Waranti ya friji husajiliwa kuanzia dukani, kabla hujalipa

Natengeneza friji na mashine za kufua hapa Nairobi, na wengi hunipigia simu wakati mashine yao bado ina waranti. Nikilegeza skrubu moja tu, kampuni imepata sababu ya kukataa dai. Kwa hiyo, kabla ya kumwita fundi yeyote wa mtaani, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Risiti

Dai risiti ya ETR (ile rasmi ya kodi, inayotolewa na mashine) na uipige picha siku hiyo hiyo, maana maandishi yake hufifia. Usiilamineti, joto la mashine hulifanya karatasi lote kuwa jeusi.

Hatua ya 2: Nambari ya siriali

Madai mengi ninayoyaona hufia hapa. Modeli na siriali ni vitu viwili: modeli ni ya kila friji ya aina hiyo, siriali ni ya friji yako peke yake. Karani wa duka huinakili siriali kutoka boksi lililo karibu naye, kisha stoo inakutolea friji nyingine. Siku kompresa (pampu inayozungusha gesi ya kupozea) ikigoma, kadi ya waranti inasema hivi na mashine inasema vile.

Basi boksi lifunguliwe ungali dukani. Kwenye friji, kibandiko huwa ukutani kwa ndani, mara nyingi karibu na droo ya mboga, au mgongoni. Mashine ya kufua yenye mlango wa mbele huwa nacho kwenye ukingo wa mlango, na maikrowevu mgongoni au kwenye fremu ya mlango. Kipige picha, usinakili kwa macho: sufuri na O hufanana, 8 na B pia, 5 na S pia. Kisha linganisha kibandiko, boksi, kadi na risiti. Kama risiti haina siriali, muuzaji aiandike kwa kalamu na kugonga muhuri juu yake. Akisema si lazima, nunua kwingine.

Hujamaliza. Ungali hapo, pigia simu huduma kwa wateja ya kampuni iliyoitengeneza, uwasomee nambari na uulize kama wanaitambua hapa Kenya. Friji iliyoagizwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine inaweza kuwa halisi kabisa na bado wakala wa hapa asiihudumie. Ukiitaka hata hivyo kwa sababu ya bei, duka likuandikie waranti yake lenyewe, yenye muda, muhuri na sahihi.

Hatua ya 3: Sajili

Jaza fomu kwenye tovuti ya kampuni kwa barua pepe yako, si ya karani. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho.

Hatua ya 4: Masharti

Ile "miaka 10" iliyobandikwa mlangoni kwa kawaida ni ya kompresa peke yake. Gesi na malipo ya fundi huwa juu yako mwaka wa kwanza au wa pili ukishapita. Hitilafu za umeme unaopanda na kushuka mara nyingi hazimo, kwa hiyo nunua kilinda friji siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Ikiharibika

Usiifungue. Andika barua pepe, hata kama umeshapiga simu, kwa kuwa simu haiachi ushahidi. Fundi wa kampuni akija, akuachie karatasi ya kazi yenye tarehe na alichokikuta.

Duka likikuonyesha bango la "mali ikishauzwa hairudishwi", usirudi nyuma. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora huo, iwe ulisajili waranti au hukusajili. Lalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ukitaka pesa zako, nenda Mahakama ya Madai Madogo: inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Beba risiti, picha ya kibandiko, barua pepe zote na karatasi ya kazi.