Hati yako ni faili la SQLite? Itoe kwenye WAL hivi

Kijana mmoja anayetengeneza programu ya mahesabu ya duka aliniletea kesi: mteja ananakili faili la hesabu kwenye flashi, mhasibu akilifungua, mauzo ya mchana hayamo. Faili zima, na hakuna ujumbe wa kosa. Hati yake ni SQLite, yaani hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, yenye kiambishi cha kwake, .duka, ikiwa kwenye hali ya WAL (write-ahead log).

WAL iliingia toleo la 3.7.0, mwaka 2010. Mabadiliko mapya huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni linaloishia na -wal, kisha baadaye ndipo yahamie kwenye faili kuu. Mteja akinakili .duka peke yake wakati programu iko wazi, -wal linabaki kwenye kompyuta. Kwa seva sawa. Kwa hati ya mtu mmoja inayozunguka kwenye flashi na barua pepe, mimi siitumii kabisa.

1. Weka nakala: mafaili yote, siyo .duka tu.

2. Badili jonali, yaani namna SQLite inavyoandika mabadiliko:

`PRAGMA journal_mode=DELETE;`

Hapa ndipo watu wanapozembea. Amri hii inarudisha jina la hali iliyopo, kwa hiyo lisome. Usipoona `delete`, hujabadili kitu. Kukiwa na muunganisho mwingine kwenye faili hilo, hata kile kidirisha cha kukagulia jedwali ulichosahau kukifunga, utapata `database is locked` na WAL itabaki palepale. Ukiwa katikati ya muamala (transaction) pia inakataa.

Halafu kuna hili: kufuta mstari wa `journal_mode=WAL` kwenye kodi yako hakusaidii hati za zamani. Hali hiyo imeandikwa ndani ya faili lenyewe. Angalia baiti zake mbili kwa xxd:

`xxd -s 18 -l 2 hesabu.duka`

Ukiona 0202 ni WAL. 0101 ni jonali ya kawaida. Kwa hiyo programu itoe amri ya `PRAGMA journal_mode=DELETE;` kila inapofungua hati, la sivyo wateja wa toleo la jana wataendelea kupoteza mauzo huku wewe unaapa umesharekebisha.

Na -wal lililobaki baada ya umeme kukatika usilifute kwa mkono, hata kama linaonekana takataka. Huenda mauzo yamo humo. Fungua .duka yakiwa folda moja, SQLite itayarudisha yenyewe.

3. Weka `application_id` na `user_version`, namba mbili zinazokaa ndani ya faili, ili programu itambue hati yake na toleo la muundo wake.

4. Kwa "Hifadhi kama", acha kunakili faili kwa amri ya mfumo. Tumia:

`VACUUM INTO 'nakala.duka';`

Inahitaji SQLite 3.27.0 au zaidi, na inatoa faili moja lililokamilika hata chanzo kikiwa bado WAL. Jina hilo lisiwe la faili lenye kitu tayari, itakataa. Andika kwanza kwa jina la muda kwenye folda hiyohiyo, kisha ulibadilishe jina liwe la mwisho.