Leseni ya LCSW Marekani: hesabu saa zako kabla hujaanza kuzifanya

LCSW ni mhudumu wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya kliniki. Sheria inamruhusu kumpima mteja, kutambua ugonjwa wake wa akili kwa kufuata mwongozo wa DSM-5-TR, kumtibu kwa tiba ya mazungumzo na kuidai bima malipo kwa jina lake mwenyewe. Dawa haandiki. Wapo Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania huko Texas, Ohio, Kentucky na Minnesota ambao tayari wanaishi pembezoni mwa kazi hii, kama wakalimani au wahudumu wa kesi katika mashirika yanayopokea wakimbizi. Kutoka hapo hadi leseni, mwenye shahada ya kwanza ategemee miaka 4 hadi 6. Wengi huogopa mtihani. Miaka hasa hupotelea kwenye saa za kazi ya kusimamiwa zinazotakiwa kabla ya leseni: zimefanywa kihalali kabisa, halafu bodi ya leseni ya jimbo ikazikataa.

Anza na bodi, chuo kitafuata

Leseni ya taifa zima haipo. Kila jimbo lina bodi yake, kanuni zake na hata majina yake, na majina hayo yana mitego. Massachusetts, kwa mfano, LCSW ni ngazi ya chini isiyokuruhusu kujitegemea kikliniki. Unayoitafuta wewe huko inaitwa LICSW. Minnesota nako ni LICSW, Ohio ni LISW, Maryland ni LCSW-C. Ukisoma tangazo la kazi au ushauri wa mtu aliye jimbo jingine, hakikisha kwanza mnazungumzia ngazi ileile.

Ingia tovuti ya bodi ya jimbo unalokusudia kufanyia kazi na upakue kanuni zenyewe, usiishie kwenye ukurasa wa maswali ya kawaida. Tofauti ni kubwa. Texas inataka saa 3,000 za kazi ya kliniki katika muda usiopungua miezi 24, pamoja na saa 100 za usimamizi. New York inahesabu saa 2,000 za kukutana na wateja, ndani ya miaka isiyopungua 3 wala kuzidi 6. California inataka saa 3,000 na wiki 104 za usimamizi. Kati ya hizo, zisizopungua 2,000 ziwe za upimaji, utambuzi na tiba, na ndani yake 750 ziwe za tiba ya kisaikolojia ana kwa ana. Minnesota inapanda hadi saa 4,000, na 200 za usimamizi.

Kuna mkataba wa majimbo unaokusudia kumwezesha mwenye leseni kufanya kazi katika majimbo mengi, na mwaka 2024 ulifikisha majimbo 7 yaliyohitajika ili uanze kuwa na nguvu. Usipange maisha yako juu yake hadi bodi yako itakapokuambia inapokea maombi.

Shahada ya uzamili

Unahitaji MSW, yaani shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, kutoka programu yenye ithibati ya CSWE, baraza la Marekani la elimu ya ustawi wa jamii. Saikolojia, unasihi au sosholojia haitakupeleka LCSW hata uwe na udaktari. Angalia ithibati ya programu yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na jina kubwa huku programu yake ikiwa bado mwombaji wa ithibati. Tafuta jina lake kwenye orodha ya CSWE na usome hadhi iliyoandikwa pembeni.

Ukisoma muda wote ni miaka 2, kwa kawaida krediti 60 hivi. Mwenye shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii kutoka programu yenye ithibati anaweza kuruka karibu mwaka mzima. Aliyesomea nyumbani, tuseme Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, lazima shahada yake ipitie ISWDRES, kitengo cha CSWE kinachopima shahada za ustawi wa jamii kutoka nje. Aliye na MSW ya Kenya au Uganda hupitia hukohuko kabla bodi haijamsikiliza. Ikiwa shahada yako ni ya fani nyingine, ISWDRES haikuhusu: utapimiwa na wakala wa kawaida wa tathmini za vyeti anayekubaliwa na chuo, kisha utaomba MSW ya miaka 2.

Nyaraka za kuandaa mapema ni nakala rasmi ya matokeo inayotumwa na chuo chenyewe, maelezo ya masomo, na barua inayotaja saa ulizofanya kwa vitendo na nani aliyekusimamia. Barua hiyo ndiyo huchelewesha watu, maana vyuo vingi vyetu huandika “wiki nane” bila kutaja saa. Omba iandikwe kwa saa. Za Kifaransa zitafsiriwe na mfasiri anayeweka tamko la uthibitisho na saini.

Ndani ya MSW kuna mafunzo kwa vitendo yasiyopungua saa 900. Mwaka wa pili usikubali kupelekwa mahali utakapokuwa unajaza fomu za chakula na nyumba tu. Omba kliniki ya afya ya akili, hospitali au kituo cha tiba ya uraibu, ambako utakaa chumbani na mteja na kuandika mpango wa tiba. New York huangalia hata masomo: inataka krediti 12 zenye maudhui ya kliniki, na aliyechagua mkondo wa utawala hujikuta akirudi darasani baada ya kuhitimu.

Kuhusu ada, wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye kadi ya kijani wanaweza kuomba mikopo ya serikali kuu kama raia. Mkopo wa kawaida wa uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka. Ule wa nyongeza uitwao Grad PLUS unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, kwa hiyo chuo cha ada kubwa kitakuachia pengo utakalolazimika kuliziba kwa mkopo wa benki. Vyuo vya umma vya jimbo unaloishi kwa kawaida ni nafuu, na kwenye leseni hakuna bodi inayokupa alama kwa umaarufu wa chuo.

Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 asome hapa mara mbili. Mafunzo kwa vitendo yatapitia kibali cha CPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi kama sehemu ya masomo. Ukifanya CPT ya muda wote kwa miezi 12 au zaidi unapoteza OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako baada ya kuhitimu) ya ngazi hiyo. Na OPT yenyewe ni miezi 12 tu; ustawi wa jamii haumo kwenye orodha ya fani za sayansi na teknolojia zinazoongezewa miezi 24. Texas inadai miezi 24 ya saa na New York miaka 3, na OPT haifiki huko. Tafuta mapema mwajiri asiyebanwa na bahati nasibu ya viza ya kazi ya H-1B, yaani chuo kikuu au hospitali isiyo ya faida yenye ushirika rasmi na chuo kikuu, na muulize kabla ya kuhitimu kama anadhamini.

Saa zenyewe

Baada ya kuhitimu huanzi kuhesabu saa siku unayoajiriwa. Kwanza uwe na hadhi ya kati. Texas na New York hiyo ni leseni ya LMSW, inayopatikana kwa mtihani wa ngazi ya uzamili. California ni kusajiliwa kama ASW, bila mtihani huo. California pia ina kanuni ya siku 90: ukiomba usajili ndani ya siku 90 tangu kupewa shahada, na mwajiri akawa amekupima alama za vidole kabla hujaanza kazi, saa za kipindi cha kusubiri zinaweza kuhesabika. Ukiomba siku ya 91, zimekwenda.

Jambo la pili ni msimamizi. Awe na leseni ya kliniki iliyo hai na awe anatambuliwa na bodi kusimamia. Texas humwita LCSW-S. Kuwa bosi wako hakumfanyi kuwa msimamizi wako. Mtafute kwenye rejista ya bodi kwa jina na namba, soma tarehe ya mwisho wa leseni na adhabu kama zipo, kisha weka picha ya ukurasa huo kwenye faili lako. Mpango au mkataba wa usimamizi hutakiwa na bodi mwanzoni kabisa, na majimbo mengine, Kentucky likiwamo, hayahesabu kitu kabla ya kuuidhinisha. Mwajiri asipokuwa na msimamizi utamlipa mtu wa nje kwa saa. Chukua bei yake, zidisha kwa saa za usimamizi zinazotakiwa na jimbo lako (Texas ni 100), ndipo ulinganishe mshahara wa kazi hiyo na ule wa dola chache pungufu wenye usimamizi wa bure.

Tatu ni aina ya kazi, na hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili huumia zaidi. Shirika linakuajiri kwa sababu unajua Kiswahili, na pengine Kinyarwanda au Kibembe. Cheo kinaandikwa mtaalamu wa tiba. Ikifika mwezi wa pili, kila mwenzako mwenye mteja Mkongo anakuita ukamtafsirie, na anayebaki bila mkalimani wa hospitali anakupigia wewe. Saa ya kutafsiri kikao cha mwenzako ni yake, kwako haihesabiki. Kumpeleka mama ofisi ya Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, nako si tiba. Kabla ya kusaini, omba maelezo ya kazi yaandike kwamba utafanya upimaji, utambuzi na tiba, na yataje ni saa ngapi kwa wiki. Ukalimani uwekewe kikomo kwa maandishi. California, uangalie pia namna unavyolipwa: anayepewa fomu ya kodi ya 1099 kama mkandarasi saa zake hazikubaliki, awe mwajiriwa wa W-2 au mtu wa kujitolea.

Jedwali la saa lijazwe kila wiki, si mwisho wa mwaka. Safu zinazotosha ni tarehe, jumla ya saa za kazi, saa za ana kwa ana na wateja, saa za usimamizi wa mtu mmoja, za kikundi, na saini ya msimamizi. Jina la mteja lisiwemo. Msimamizi anapoondoka, hata kama mnaagana kwa furaha, asaini fomu ya bodi ya kuthibitisha saa kabla ya siku yake ya mwisho. Akihama, akistaafu au akifa bila kusaini, utaanza kuibembeleza bodi kwa barua za mashahidi.

Hesabu pia isikudanganye. Kwa saa 40 kwa wiki, 3,000 huisha ndani ya wiki 75, lakini Texas haitakupokea kabla ya miezi 24. Na anayekutana na wateja saa 15 tu kwa wiki huko New York anahitaji wiki 134 za kazi kufikisha 2,000, likizo na ugonjwa havijaingia.

Mtihani

Mtihani wa kliniki hutungwa na ASWB, muungano wa bodi za ustawi wa jamii, na ada yake imekuwa dola 260. Ule wa uzamili dola 230. Kwa miaka mingi umekuwa maswali 170 kwa saa 4, ambapo 150 tu huhesabiwa na 20 ni ya majaribio yasiyotambulika. ASWB imetangaza muundo mfupi zaidi kuanzia 2026, hivyo soma kijitabu cha mwaka wako na usinunue vitabu vya zamani vya mitumba. Ukishindwa, unasubiri siku 90.

Takwimu ambazo ASWB yenyewe ilitoa mwaka 2022 zilionyesha kwamba kati ya 2018 na 2021, watahiniwa weupe waliofaulu mtihani wa kliniki mara ya kwanza walikuwa asilimia 83.9, na weusi asilimia 45.0. Mjadala uliozuka bado unaendelea, na Illinois ilikuwa imeshaondoa mtihani kwa leseni yake ya chini tangu 2022. Kwako wewe, cha kufanya ni kuomba nafuu ya Kiingereza kuwa lugha ya pili: muda wa ziada, na penginepo kamusi. Jimbo ndilo huidhinisha, na lazima uombe kabla ya kupanga tarehe. Wengi hawaombi kwa kuona haya, jambo tusiloliona na maana yoyote, kwani leseni haiandikwi kwamba ulipewa muda wa ziada.

Maswali hayapimi kukariri sana kama yanavyopima mpangilio. Maneno FIRST na NEXT huja kwa herufi kubwa. Mfano: mteja anasema, “Bora hata nisingekuwepo.” Majibu manne yanaweza yote kuwa mema, ikiwamo kumpeleka hospitali na kuita familia, lakini cha kwanza ni kupima hatari: ana nia, ana mpango, ana njia ya kuutekeleza? Mfano mwingine: mtoto ana alama za kipigo, na baba anaomba suala liishe kwa wazee wa kanisa. Jibu ni kutoa taarifa kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto mara kuna shaka ya msingi, bila kusubiri uchunguzi wako mwenyewe. Vivyo hivyo kwa mteja anayekuwa shemeji wa rafiki yako au mnaimba naye kwaya. Mtihani unataka mipaka ya kanuni za maadili za NASW, chama cha kitaifa cha wahudumu wa ustawi wa jamii, hata kama mjini kwenu Waswahili wote wanajuana.

Jina kwenye usajili lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho. Wakimbizi ambao majina yao yalipinduliwa kambini, la ukoo likawa la kwanza, warekebishe mapema. Mlangoni mwa kituo hutahurumiwa na ada haitarudi. Texas na California zina pia mtihani wa sheria za jimbo.

Ukishapata

Chukua namba ya NPI, yaani namba ya utambulisho ya mtoa huduma za afya, ambayo ni bure, fungua wasifu kwenye hifadhidata ya CAQH ili kampuni za bima zikuthibitishe, na ukate bima ya makosa ya kitaaluma kabla ya mteja wa kwanza wa kujitegemea. Uthibitisho wa bima huchukua miezi, usiache kazi wakati huo. Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, hulipa LCSW asilimia 75 ya kiwango cha ratiba ya madaktari. Ukiwa kwenye shirika lisilo la faida au la serikali, malipo 120 yanayostahili chini ya PSLF, mpango wa kuwafutia mikopo watumishi wa umma, hufuta salio la mkopo wa serikali kuu.

Kuhuisha leseni Texas na California ni kila miaka 2: Texas kwa saa 30 za masomo ya kujiendeleza, California kwa 36, zote zikiwa na sehemu ya maadili. Fomu za saa ulizosainiwa na nakala za mikataba ya usimamizi zihifadhi hata baada ya leseni kutoka, kwa sababu ukihamia jimbo jingine bodi mpya inaweza kuzidai, na shirika lililokusimamia huenda limeshafungwa.