Namna ya Kusikiliza kwa Pamoja Rekodi ya Rachmaninoff ya 1929 na Kupata Maoni ya Kweli ya Wasikilizaji

Vikundi vya kwaya vya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya na Tukuyu, vimezoea kusikiliza rekodi kwa ajili ya kazi: anayesikiliza huwa anatafuta sauti ya tatu ili akaifundishe, au anahakiki kiitikio kabla ya Jumapili. Kusikiliza muziki ambao hakuna atakayeuimba ni jambo jingine, na kukusanya maoni ya watu waliousikiliza kunahitaji maandalizi. Mwongozo huu unahusu rekodi moja tu, nayo ni ile ya Koncheto ya Pili ya Piano ya Sergei Rachmaninoff, iliyopigwa na mtunzi mwenyewe huko Philadelphia, Marekani, mwezi Aprili 1929, pamoja na Okestra ya Philadelphia iliyoongozwa na Leopold Stokowski. Koncheto ni utunzi mrefu ambamo ala moja, hapa piano, hujibizana na okestra nzima. Hii ina sehemu tatu, na katika rekodi hiyo inachukua zaidi kidogo ya nusu saa.

Nimependekeza rekodi hii kwa sababu inawagawa wasikilizaji, na kikao ambacho wote wanakubaliana hakina cha kuandikwa.

Kazi ya kwanza ni kutafuta nakala nzuri. Rekodi ilifanywa kwa santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulibeba muziki wa dakika nne hivi, na kwa hiyo koncheto ilibidi igawanywe katika pande nyingi. Nakala tunazozipata leo zimetokana na mafundi tofauti waliozichezesha santuri hizo na kuunganisha pande zake, na kila fundi ana msimamo wake kuhusu mikwaruzo: mmoja anaiacha ili asiguse sauti ya piano, mwingine anaisafisha mpaka piano inasikika kana kwamba imefunikwa blanketi. Chukua ile yenye mikwaruzo kiasi. Ipakue mapema, iweke kwenye flashi, wala usitegemee bando siku ya kikao.

Vyombo navyo vinahitaji uangalifu. Sabufa nyingi zinazouzwa Mwanjelwa au Mashine Tatu zimetengenezwa kwa ajili ya besi nzito, na mwenye nayo hujivunia jinsi inavyotikisa vioo vya madirisha. Katika rekodi ya 1929 hakuna besi nyingi ya kukuzwa, na ukiiongeza, kinachokua ni mvumo wa mashine. Shusha besi karibu hadi mwisho. Trebo ipunguzwe kidogo tu, kwa sababu ikizimwa kabisa mikwaruzo inaondoka pamoja na ncha ya kila noti, yaani ule mgongano wa nyundo na waya unaomtambulisha mpigaji. Kwa kuwa sauti ilirekodiwa katika mkondo mmoja, spika moja iliyowekwa mbele ya watu, kwenye usawa wa masikio yao, inatosha.

Chagua pia majira. Katika wilaya ya Rungwe, kuanzia Novemba hadi Mei, mvua inaweza kuanza wakati wowote wa alasiri, na chini ya bati lisilo na dari hata okestra kamili haisikiki. Juni na Julai ni miezi mizuri kwa kazi hii, ila wageni waelezwe waje na makoti, kwa maana anayetetemeka kwa baridi husikiliza saa tu.

Wasikilizaji kumi au kumi na watano wanatosha, mradi wasiwe wa aina moja. Waalike mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda, wapiga tarumbeta wawili kutoka bendi ya Kimoraviani, wazee wanaokumbuka gramafoni, na watu wasiojua nota hata moja. Usiwaambie ni nani anayepiga. Usiwaambie vilevile kwamba simfoni ya kwanza ya mtunzi huyu ilianguka vibaya mwaka 1897 huko St. Petersburg, kwamba alivunjika moyo akakaa karibu miaka mitatu bila kutunga kitu kikubwa, kwamba alitibiwa na daktari aitwaye Nikolai Dahl, na kwamba koncheto hii, iliyopigwa nzima kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1901, aliitabaruku kwa daktari huyo. Habari hizo ni za kweli na zinavutia, lakini aliyezisikia kabla ya muziki atausikia ugonjwa na kupona katika kila noti, na maoni atakayoyatoa yatakuwa maoni juu ya hadithi.

Hasara ya kutanguliza jina inajulikana vizuri. Katika miaka ya 1960 kampuni moja ya Ulaya ilitoa santuri ya Koncheto ya Kwanza ya Chopin ikiwa na jina la Dinu Lipatti, mpiga piano wa Romania aliyefariki mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 33, na wapenzi wake waliipokea kama kumbukumbu yake ya thamani. Mwaka 1981 ikabainika kwamba aliyekuwa akipiga ni Halina Czerny-Stefańska wa Poland, tena katika rekodi iliyokuwa imekwisha kuuzwa kwa jina lake mwenyewe. Santuri haikubadilika hata kidogo. Masikio ya watu ndiyo yaliyokuwa yameongozwa na jalada.

Kikao kianze kwa dakika tatu za mwanzo tu, kisha uzime. Piano inaingia peke yake kwa mapigo mazito yanayokua polepole, halafu nyuzi za okestra, yaani fidla na jamii yake, zinapokea wimbo mkuu. Karibu kila mtu atasema kitu kimoja: inakwaruza. Wengine watasema ni kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili, na mzee mmoja atafurahi kwa sababu hiyohiyo inayowaudhi vijana. Andika malalamiko hayo yote mbele yao, uwaambie yamepokelewa, kisha urudi mwanzo kabisa. Ukiruka hatua hii, nusu ya karatasi zitazungumzia mikwaruzo. Ukiitekeleza, masikio yanakuwa yameshalipa ushuru wa mlangoni na yako huru kuingia ndani.

Sasa chezesha sehemu ya kwanza yote bila kukatiza, saa ya ukutani ikionekana. Maswali yawe mawili. La kwanza: ni dakika gani uliacha kuwaza mambo mengine? La pili: mpigaji anafanya nini hapo, na unakubaliana naye? Swali la “umeipenda?” liachwe kabisa, maana jibu lake ni “ndiyo” ya heshima, na heshima si data. Kila mtu aandike kwenye karatasi yake kabla ya mtu yeyote kuzungumza. Wasioandika wamnong’oneze mwandishi pembeni.

Baada ya hapo ndipo mazungumzo yaanze, na utaratibu wake ni wa lazima: mwenye umri mdogo aanze, mwalimu wa kwaya amalize. Ukigeuza, mwalimu atasema “mpigaji anakimbia,” na waliobaki watasimama mmoja mmoja kueleza kwamba wanamuunga mkono mchangiaji aliyetangulia na hawana la kuongeza.

Baadhi ya maoni unaweza kuyategemea. Wanakwaya watasema kwamba nyuzi “zinaburuza,” kwa sababu wapigaji wanateleza kutoka noti moja hadi nyingine, kosa ambalo mwalimu hulikemea kila wiki kwa soprano wake. Hilo ni sikio zuri na lisibezwe. Baadaye waelezwe kwamba kuteleza huko kulikuwa mtindo uliokubalika katika okestra za wakati huo, na kwamba kulipungua sana katika miongo iliyofuata. Wapiga tarumbeta wataitambua ala ya shaba inayoimba peke yake kuelekea mwisho wa sehemu ya kwanza, pale makelele yanapotulia, na mara nyingi wataandika dakika sahihi. Wapo pia watakaosema kwamba ni muziki wa msibani, hasa kwa sababu redioni wamezoea kusikia nyuzi za namna hiyo nyakati za maombolezo. Sehemu ya pili ikianza, yupo atakayedai kwamba anaujua wimbo huo, na atakuwa na haki: Eric Carmen aliutumia katika wimbo wake wa 1975, ambao Celine Dion aliurudia mwaka 1996 ukapigwa kila mahali. Mwache aseme, ila usiruhusu uimbwe, vinginevyo kikao kimekwisha.

Maoni mazito zaidi huhusu kasi. Wengi hushangaa jinsi mpigaji anavyopita bila kusimama mahali ambapo wao wangependa akae. Wakishayasema hayo, wachezeshee mwanzo huohuo katika rekodi ya Sviatoslav Richter ya mwaka 1959 akiwa na okestra ya Warsaw, ambamo mapigo yale ya kwanza yanavutwa taratibu sana. Waulize ni yupi aliyeuelewa utunzi. Kwa kadiri ninavyoona, wengi humchagua Richter, na hapo tu ndipo utaje kwamba yule wa kwanza, anayekimbia, ndiye aliyeutunga.

Usiwaache wafute walichoandika. Kila mmoja apige mstari chini ya maoni yake ya awali na aandike ya pili chini yake, yawe yamebadilika au yamebaki vilevile. Utakuta wanaojirudi mara moja, na utakuta pia mmoja au wawili wanaoshikilia kwamba mtunzi amekosea kuupiga muziki wake mwenyewe. Hao wa mwisho usiwasahihishe, kwa kuwa mtunzi akishauweka utunzi wake kwenye karatasi amewapa wengine ruhusa ya kuujaribu, na hoja yao ina uzito kuliko ya yule aliyebadili msimamo kwa sababu ya jina. Kwenye kila karatasi andika tarehe na nakala iliyotumika, ili kundi la Njombe au Makambako likirudia zoezi hilo matokeo yaweze kulinganishwa.

Kundi likitaka kuendelea, Rachmaninoff alirekodi pia Koncheto yake ya Tatu kati ya 1939 na 1940, na okestra ileile chini ya Eugene Ormandy. Rekodi hiyo ina vipande alivyovikata mwenyewe, kwa hiyo anayefuatilia kwa nota aambiwe mapema, asije akadhani kwamba flashi imeruka.